Ziara ya kahawa Moshi: kahawa ni tamu, ila usishuke kabla hujakaa na mzee wa ghalani

Wale mnaopanga kwenda Moshi Desemba hii someni kabla hamjalipia mtu. Mwezi wa 8 mimi na mama tulienda kwenye sendofu ya binti wa rafiki yake, sherehe ikaisha Jumamosi, Jumatatu tukawa na siku nzima kabla ya basi la kurudi Dar na mama akasema haondoki Kilimanjaro bila kuona kahawa ikiwa mtini, maana ana miaka 67 na kahawa anaijua ya kopo tu. Sisi ni watu wa Magu, kwetu ni pamba.

Nikatafuta kwenye simu nikapata kikundi cha kijiji kimoja huko juu, vijana na kina mama wanaofanya ziara za kahawa. Jina lao siliweki hapa kwa sababu nina mazuri ya kusema na nina malalamiko pia, na malalamiko nimeshawapa wenyewe uso kwa uso, wamenisikiliza vizuri tu, sioni haja ya kuwaanika. Vikundi vya hivi vipo vingi vijiji vya juu ya Moshi, kwa hiyo haya yatakusaidia hata ukienda kwa wengine.

Nianze na malalamiko niyamalize. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, tukachukuliwa saa tatu na nusu. Bei niliyopewa kwenye meseji ilikuwa elfu 35 kwa mtu na chakula ndani, kufika juu naambiwa chakula ni elfu 10 pembeni, nikawaonyesha meseji wakakubali kosa wakaacha, lakini ningekuwa sijaihifadhi ile meseji ingekuwaje? Njia ilikuwa na utelezi sana, mama alianguka mara moja na hakuna aliyekuwa amekuja na fimbo mpaka tulipoomba. Na choo kiko kimoja tu mwanzo wa njia, baada ya hapo hakuna.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kundi letu lilikuwa na wageni wanne kutoka Ulaya, na sisi Watanzania wawili. Muongozaji alikuwa anaeleza kila kitu kwa Kiingereza, akishamaliza anatugeukia anasema "nyie si mnajua haya". Hatujui! Mimi nimesoma shule za nchi hii mpaka chuo na kahawa ya Kilimanjaro niliisoma kama mstari mmoja kwenye jiografia, zao la biashara, mkoa wa Kilimanjaro, basi. Mama yangu ndo kabisa. Tumelipa hela ileile, tena mama ndo alikuwa na maswali mengi kuliko wale wageni wote wanne wakijumlishwa. Nilimwambia kijana kwa upole na akabadilika, akaanza kueleza kwa lugha zote mbili, na ukweli Kiswahili chake cha kahawa ni kizuri ajabu, kina maneno ambayo kwa Kiingereza hata hayatoki. Vijana wa ziara mkisoma hapa, Mtanzania akija msimfanye kama amesindikiza wageni.

Sasa mazuri, na ni mengi.

Kihamba chenyewe jamani, yaani shamba la nyumbani la Wachagga. Nilikuwa nadhani shamba la kahawa ni mistari iliyonyooka kama chai ya Mufindi, kumbe kule juu kahawa inaishi chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa, chini kuna magimbi na maharage, ng'ombe yuko kwenye zizi pembeni anakula majani ya mgomba na mbolea yake inarudi shambani. Nyumba iko katikati ya hayo yote na makaburi ya wazee yako hapohapo. Hakuna kipande kilichokaa bure.

Halafu kuna mifongo, ile mifereji ya maji. Hii ilinishika. Wazee wa zamani walichimba kwa mikono kutoka mtoni huko juu msituni, maji yanafuata ubavu wa mlima kilomita nyingi mpaka yanafika kwenye vihamba, bila pampu wala bomba, ni kusoma mteremko kwa macho tu. Mfongo hauwezi kuwa wa mtu mmoja, kila nyumba iliyo kwenye mstari ina siku yake na saa yake ya kufungulia maji, na siku ya kusafisha mnatoka wote, asiyetoka anatozwa faini. Kijana alisema zamani faini ilikuwa mbege, ile pombe ya ndizi, watu wanaenda kuinywa kwako baada ya kazi ambayo wewe hukufanya, na nadhani hiyo inauma kuliko hela. Kumbukeni huu mfongo maana nitaurudia.

Kahawa yenyewe unaifanya mwanzo mpaka mwisho na mikono yako. Unachuma zile nyekundu tu, kijani unaacha, unamenya kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, punje zinatoka zinateleza kama kamasi, zinalowekwa siku moja na zaidi ule utelezi utoke, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja wiki nzima mpaka mbili wakizigeuza. Wao wanakuwa na zilizokwisha kauka tayari, kwa hiyo hapo mnaruka mnaenda kutwanga kwenye kinu kutoa maganda, na hapo ndo kina mama wanaimba na kila mtu anapewa mchi. Mama yangu akawashika hao Wazungu kuwaonyesha kutwanga kwa kupokezana, watu wawili kwenye kinu kimoja, kina mama wa pale wakapiga vigelegele. Kupepeta kwa ungo, kukaanga kwenye chungu kwa kuni, kutwanga tena, kuchemsha. Inachukua zaidi ya kilo 5 za mbivu kupata kilo moja ya kahawa safi, na baada ya kuchuma kikapu kidogo tu kwa nusu saa mgongo ukiuma ndo unaelewa bei ya kikombe kimoja mjini inamaanisha nini kwa huyu aliyeko juu.

Ladha siwezi kuieleza vizuri, ina uchachu kidogo kama wa matunda na haikwaruzi koo. Mama anaweka sukari vijiko vitatu kwenye kila kitu, hii alikunywa bila sukari vikombe viwili.

Chakula kilikuwa mtori, ile supu nzito ya ndizi, na machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, yote mazuri, mtori hasa.

Baada ya chakula ziara kwa mujibu wa ratiba inakuwa imeisha. Wageni wetu wanne walishuka kwenda kwenye maporomoko. Sisi mama alikuwa amechoka, akaomba akae kidogo kabla ya kushuka, wakatupeleka kwenye benchi mbele ya ghala la zamani la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa pale kijijini, bati lina kutu, mlangoni kuna mizani ya zamani ile ya kuning'iniza gunia. Kwenye benchi kulikuwa na mzee amekaa na kofia yake. Kijana akatuambia tu "huyu babu alikuwa karani wa chama". Basi hapo tulikaa saa mbili na robo, na nakuambieni kwa moyo wangu wote hizo saa mbili ndo zilikuwa na thamani ya ile elfu 35, na hazimo hata kwenye ratiba yao.

Mzee ana miaka 86. Alikuwa yule anayesoma mizani na kuandika risiti, na baba yake alikuwa mwanachama wa KNPA, kile chama cha kwanza kabisa cha wakulima wa kahawa wa mlimani. Mama akamwamkia shikamoo akamwambia sisi ni wa pamba huku tumekuja kuona kahawa, mzee akacheka akasema "mwanangu, kahawa umeshaiona, sasa uliza ilibakije mikononi mwetu, maana kulikuwa na watu walitaka tusilime kabisa".

Mnajua hii? Mimi nilikuwa sijui. Kahawa ililetwa huko na wamisionari wa Kikatoliki, Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza wakaingia, na ofisa mmoja wa utawala pale Moshi, Charles Dundas, akahimiza wananchi wapande kahawa kwenye vihamba vyao. Walowezi, Wazungu wenye mashamba makubwa kule chini, wakapinga vikali. Hoja yao ya mdomoni ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kutunza kahawa, wadudu na magonjwa yatazaliana kwenye vihamba yahamie kwenye mashamba yao. Hoja ya moyoni ilikuwa vibarua: mtu mwenye kahawa yake anayepata hela ya kodi nyumbani kwake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira wa huruma. Na haikuwa tishio la maneno matupu, Kenya hapo jirani walowezi walifanikiwa, Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata hapo ni kwa kiasi kidogo na kwenye wilaya chache tu.

Sasa walichofanya watu wa mlimani ndo nilipenda mpaka machozi yalinilenga. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA, kiongozi wake Joseph Merinyo. Hawakuanza na maandamano. Walianza na dawa ya wadudu. Wakachangishana wakanunua dawa na bomba za kupulizia, wakapangiana zamu kihamba kwa kihamba, ili mlowezi akisimama mbele ya serikali kusema kahawa ya Wachagga ni chafu aonekane anasema uongo. Walikwenda kuiua ile hoja moja kwa moja shambani! Mzee alituambia baba yake alikuwa anasema "tulipuliza dawa kwa Mzungu", maana yake kila mti uliopona ni neno moja lililotoka mdomoni mwa mlowezi. Na wakaanza kukusanya na kuuza pamoja badala ya kila mtu kubembeleza mnunuzi peke yake.

Nikauliza walijifunzia wapi kujipanga hivyo haraka maana 1925 wengi hawajui hata kusoma. Mzee akanyoosha kidole kwenye mfongo. Akasema watu ambao babu zao wameweza kugawana maji saa kwa saa bila polisi watashindwaje kugawana bomba la dawa. Ndo maana nilisema mkumbuke.

Hapo mama yangu akaingilia na mazungumzo yakawa ya wazee wawili, mimi nikawa nasikiliza tu. Mama akasema kwetu haikuwa dawa, kwetu ilikuwa mizani. Babu yangu mzaa mama alikuwa analima pamba, unaibeba mpaka kwa mnunuzi, mnunuzi ndo mwenye mizani na ndo anayesoma, wewe hujui kusoma, unaambiwa kilo kadhaa unashukuru unaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaanza kuweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma mizani, wanapima pamba ya mkulima kabla hajaenda kuuza, ukifika kwa mnunuzi unajua uzito wako tayari. Kitu kidogo kama hicho! Kutoka hapo vikaja vyama vya kuuza pamoja, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya pamba vya kanda ya Ziwa Victoria, VFCU, kijana Paul Bomani akiwa mbele, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri wa fedha baada ya uhuru. Na jambo ambalo mama alilisisitiza kwa kugonga benchi ni kwamba TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 mpaka 1958, chama cha siasa marufuku, lakini chama cha pamba hakikuwa marufuku, sasa watu walikuwa wanakutana wapi na kuongea nini? Kwenye pamba. Mwaka 1958 watu wa Geita walipokataa baraza walilokuwa wanalazimishiwa na kuandamana mpaka Mwanza hawakuwa wamejifunza kukusanyika siku ile.

Mzee akamshika mama mkono akamwambia "kumbe sisi ni ndugu".

Ninachompendea huyu mzee ni kwamba hakutuuzia hadithi tamu peke yake. Alisema KNPA iliyumba, hesabu zikawa na matatizo, bei ya dunia ikaanguka, serikali ikaingiza mkono, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, chini ya sheria mpya ya ushirika, ikiwa na meneja Mwingereza, A.L.B. Bennett. Ikaja amri kwamba kila mkulima lazima auze kupitia chama, hakuna pengine. Bei ikawa mbaya, watu wakasema hiki sasa ni chama chetu au ni serikali imevaa shati letu? Mwaka 1937 kukatokea fujo, maghala ya vyama yakashambuliwa na wakulima wenyewe. Mzee alisema baba yake alikuwa upande wa chama na mjomba wake upande wa waliokwenda kubomoa, na hawakuongea miaka mitatu. Kwa hiyo akasema ukisikia watu wanasema Wachagga walishikamana, ujue walishikamana wakiwa wanagombana, mkutano wa chama ulikuwa unaanza asubuhi unaisha na taa.

Nilimuuliza, sasa kwa nini hakikufa? Akasema kwa sababu kila mwaka kulikuwa na kura, hata hasira ilikuwa na mahali pa kwenda.

Na nadhani hapo ndo siri ya jambo lote ilipo. Mtu ambaye amezoea kumuuliza mwenyekiti wa chama cha kahawa hela imeenda wapi, kesho atamuuliza mangi, yaani chifu wa Wachagga, keshokutwa atamuuliza gavana. Na ndivyo ilivyokwenda. Miaka ya 1950 kahawa ilipopanda bei hela ikajenga shule na kusomesha vijana, hao vijana wakarudi na maswali. Mwanzoni mwa miaka hiyo watu wa mlimani wakamchagua kwa kura Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle, na kabla miaka kumi haijaisha watu haohao wakaona cheo cha Mangi Mkuu wamekichoka, wakakiondoa kwa kura vilevile, Solomon Eliufoo akachaguliwa kuongoza. Wakati nchi inaingia uhuru 1961 huku juu kulikuwa na wazee wasiojua kusoma waliokuwa wameshapiga kura mara nyingi kuliko wengi wetu wa leo.

Pembeni kidogo hapo Meru ndo kuna habari ambayo mzee aliitoa kwa sauti ya chini. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru karibu 3,000 kwenye ardhi yao ya Ngarenanyuki ili walowezi wapewe, nyumba zikachomwa moto. Watu wakachangishana, wakulima wa kawaida kabisa wa kahawa na mahindi, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York, Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda aliyekuwa na ofisi hapohapo Moshi. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupita, kura hazikutosha. Lakini Kirilo aliporudi akazunguka nchi kueleza alichokiona, na miaka miwili baadaye, 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa ikikuta watu tayari wameshasikia kwamba serikali ya mkoloni inaweza kusimamishwa mbele ya dunia na kuulizwa. Mzee alisema yeye alikuwa mvulana, anakumbuka baba yake akitoa shilingi kwa ajili ya "yule wa Meru", na hawakuwa Wameru.

Mama alilia hapo. Mimi pia.

Ya baadaye aliyasema kwa kifupi na kwa uchungu. 1976 serikali yetu wenyewe ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mambo ya kahawa yakapelekwa kwenye mamlaka ya serikali. Akasema alikuja kazini asubuhi akaambiwa funguo si zake. Miaka ya 80 vikarudishwa kwa sheria, KNCU ikarudi, lakini akasema ukimvunja mtu mguu kisha ukampa mguu mwingine usitegemee atembee kama zamani. Miaka ya 90 wakaruhusiwa wanunuzi binafsi, bei zikapanda zikashuka, wengine wakaacha mibuni izeeke wakapanda nyanya. Chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, nao ukawaumiza wakulima. Sasa hivi vijana wanapanda miche mipya inayovumilia chulebuni na kutu ya majani kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, na kikundi hiki cha ziara ndo vijana haohao. Sehemu ya hela yetu, kijana alitueleza, inaingia kwenye mfuko wa kijiji wa kukarabati mfongo, na nyingine kila nyumba iliyotembelewa inapata siku hiyohiyo. Nilimuuliza mama aliyetupikia kama ni kweli, akasema kweli, anapokea mwenyewe mkononi, si kupitia kwa mume. Akaongeza kwamba zamani kahawa ilikuwa ya baba na ndizi ya mama, mama anachuma kahawa lakini kitabu cha chama kina jina la baba na hela inaishia huko. Kwenye kikundi chao leo mweka hazina ni mwanamke. Hilo nalo halimo kwenye maelezo ya ziara na lilipaswa kuwemo, maana wakati wa kueleza wanaongea wanaume tu na kina mama wanaonekana kwenye kinu na jikoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi niliwapa hivi, na nauandika hapa ili na wengine wausikie. Huyo mzee msimweke kama bahati ya mtu aliyechoka kutembea. Mwekeni katikati ya ziara, kabla ya kikombe, watu wanywe wakiwa wameshajua. Mlipeni, maana tulipomaliza nilitaka kumpa chochote akakataa mpaka mama alipomwambia ni ya tumbaku. Mrekodini kwenye simu zenu nyie wajukuu, leo hii hii. Ile mizani msiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu, kijana alisema wameshakuja mara mbili kuiulizia. Na kitabu chake cha risiti alichotuonyesha, kimeanza kuliwa na mende, kitafutieni hata boksi la bati. Pale mjini kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilianza 1963 kama chuo cha ushirika, pelekeni hata nakala.

Tuliposhuka mama hakutaka kwenda hotelini moja kwa moja, tukapita Union Café, ule mgahawa wa KNCU pale mjini, wanakaanga kahawa hapohapo na ukutani kuna picha za zamani. Asubuhi tungeziangalia kama mapambo. Jioni ile mama alisimama mbele ya picha moja moja akiwaangalia wale watu nyuso zao, mhudumu akamletea kiti.

Nawapa kikundi nyota 4 kati ya 5. Ya tano ni ya kuchelewa na ya ule utata wa bei, wakirekebisha nitarudi kuibadilisha.

Ya kujua kabla hujaenda: valia viatu vinavyoshika, si raba laini. Bei iulize kwa meseji na uihifadhi. Ukitaka kuchuma nenda kati ya Julai na Novemba, nje ya hapo utaona miti tu. Nusu kilo ya kahawa ya kukaanga walituuzia elfu 15, mama kachukua tatu, moja ameshampelekea kaka yake Magu pamoja na hadithi yote. Na popote utakapokwenda kule juu waulize kama kuna aliyekuwa karani, mpimaji au mjumbe wa chama cha msingi ambaye bado yupo. Wa kwetu anakuwepo benchini kila siku kuanzia saa nane mchana, isipokuwa Jumapili, na anasikia vizuri zaidi ukikaa upande wake wa kulia.